Kidole Kwenye Kila Kompyuta

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema kupita kiasi. Shangazi amenipigia simu hata sijanawa uso. Shule ya wasioona anakofundisha imepata printa ya nukta nundu, ile inayogonga karatasi mpaka vinundu vinatokeza upande wa pili na mtu anasoma kwa vidole. Akaniuliza kama maktaba yangu inaweza kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu kwenye kompyuta za shule. Nikamwambia inaweza. Akauliza, kompyuta zote? Nikajibu zote, Shangazi, tena umenivunjia heshima kwa kuuliza.

Maelezo kwa vizazi vitakavyosoma shajara hii. Maktaba ninayoisema si nyumba ya vitabu. Ni furushi la msimbo ambalo programu nyingine huliazima zifanye kazi. Yangu inaitwa Kidole. Ni ya chanzo huria, maana yake kila mtu duniani anaruhusiwa kuiona, kuitumia na kuirekebisha. Hapo kwenye kuirekebisha ndipo panaponichoma. Kwenye ukurasa wake wa mtandaoni nimeandika kwa herufi nene: KIDOLE KINASAKINISHWA KWENYE KILA KOMPYUTA KWA AMRI MOJA TU. Kila kompyuta niliyojaribu imekubali. Nimejaribu yangu.

Jambo lenyewe ni zito. Jumatatu ijayo watoto wa Shangazi wana mtihani wa kumaliza shule. Mwaka jana hakukuwa na karatasi za nukta nundu, wakasomewa maswali kwa sauti ukumbini. Anayetaka kurudiwa swali anyooshe mkono mbele ya wenzake wote. Wengine waliona haya, wakaacha maswali hivyohivyo. Shangazi naye haoni tangu utotoni, na alisoma kwa taabu hiyohiyo. Alisema haitatokea tena maadamu yeye yu hai. Sasa amemwahidi Mwalimu Mkuu kwamba mtoto wa kaka yake atalimaliza. Ikifika Jumamosi adhuhuri karatasi hazijatoka, watasomewa tena.

Shangazi ndiye aliyenilea. Siwezi kumwangusha. Na kwa bahati nzuri mimi ni hodari sana.

Jumanne, 4 Juni

Nimefika shuleni nimevaa shati la mikono mirefu. Nimepokelewa na Mwalimu wa Kompyuta, ambaye mimi namwita Bwana Leseni kwa sababu haamini programu yoyote ambayo haikununuliwa ikiwa ndani ya boksi. Aliuliza kama ndiye mimi mwenye kile kitu cha bure. Alilitamka neno bure kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

Akanieleza utaratibu. Mwaka jana maswali yalivuja, kwa hiyo sasa kila mtihani unakaa kwenye kompyuta ulimoandikwa na hautoki mpaka uchapwe. Hisabati iko kwa karani, kwenye kompyuta ya mfumo wa madirisha. Sayansi iko maabara kwake, kwenye mfumo wenye nembo ya pengwini. Lugha iko kwa Mwalimu Mkuu, kwenye kompyuta aliyozawadiwa, ile yenye tufaha mgongoni. Printa imewekwa kwenye kitoroli, itasukumwa chumba hadi chumba. Kidole lazima kisakinike kwenye zote tatu. Nikacheka kicheko cha mtaalamu.

Nikaanza kwa karani. Nikapiga ile amri moja. Kioo kikajaa mistari myekundu. Nikasema ni intaneti. Karani akasema intaneti iko sawa, yuko hapohapo anaongea na dada yake kwa video. Dada yake akanipungia mkono. Nikasema basi ni umeme. Wote wawili wakatazama taa, ikawa inawaka vizuri tu.

Maabara, mistari myekundu. Kwa Mwalimu Mkuu, mistari myekundu, lakini yenye mwandiko mzuri zaidi. Nikatangaza kwamba hatua ya leo ilikuwa uchunguzi, na imefanikiwa.

Nyumbani nikasoma ile mistari polepole huku nimejifungia chooni. Kumbe Kidole kinapojijenga kinakwenda kuchukua jedwali la nukta kwenye folda yangu iitwayo Mambo Mazito. Kompyuta yangu inayo folda ya Mambo Mazito. Kompyuta nyingine duniani hazina. Kosa ni la hizo kompyuta, lakini sitaki malumbano.

Jumatano, 5 Juni

Mtu wa kawaida angekirekebisha Kidole ili kiache kutafuta folda yangu. Hiyo ingekuwa kukiri. Mimi nimeona njia ya heshima zaidi: nitazifanya kompyuta zao zifanane na yangu!

Nikaunda Mambo Mazito kwenye kompyuta ya karani. Kidole kikaruka hatua ya kwanza! Kikakwama ya pili. Kinataka kompaila, yaani ile programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na si kompaila yoyote, bali toleo nililoweka enzi ambazo bado nilikuwa na nywele. Halipatikani tena popote. Basi nikaazima flashi kubwa, nikanakili kompyuta yangu yote, nikaichomeka kwa karani.

Sikujua kwamba kompyuta ya karani ina tabia ya kucheza video yoyote inayoikuta kwenye flashi. Ilicheza ile niliyojirekodi nikiwa na taulo, nikifanya mazoezi ya hotuba ya kupokea tuzo. Hakuna tuzo. Hotuba ni ndefu. Spika ziko juu kabisa, na kila nilipobonyeza kuzima niliongeza sauti. Walimu wakasikia mpaka ile sehemu ninayowashukuru mahasidi wangu. Karani alisema hajawahi kumsikia mtu akijisifu kwa unyenyekevu namna ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Maabara kukawa kubaya zaidi. Huko nilifungua akaunti yenye jina langu la nyumbani, Mkuu, ili njia za mafaili zifanane na kwangu. Bwana Leseni alipowasha kompyuta yake akakaribishwa na maneno Karibu Mkuu. Akaenda moja kwa moja kumpongeza Mwalimu Mkuu kwa kupata akaunti mpya. Mama wa watu akasema hana habari nayo. Nikaitwa. Nikaeleza. Bwana Leseni akasema zipo programu za kununua zinazofanya kazi hii tangu zamani, ila zinachukua wiki tatu kufika. Alisema hivyo kwa huzuni ya uongo.

Shangazi aliuliza tu kama nimekula.

Alhamisi, 6 Juni

Sijaenda shuleni. Nimemwambia Shangazi naunganisha mambo ya mwisho. Nimeunganisha kiwiko na meza.

Mke wangu akaniuliza kama hakuna mtu mwingine anayekijua Kidole. Nikasema hakuna. Akaendelea kunitazama. Ana namna yake ya kumtazama mtu mpaka ukweli unatoka wenyewe. Ikabidi nimweleze habari za Kobe.

Kobe ni mtu wa mtandaoni. Simjui sura wala anakoishi. Mwezi wa pili alinitumia marekebisho ya Kidole. Alidai yanakifanya kisitafute folda yangu wala ile kompaila ya kale, na yanakiwezesha kuiuliza kompyuta ni ya mfumo gani kabla ya kujijenga. Alidai ameyajaribu kwenye mifumo yote mitatu. Mke wangu akasema sasa tatizo liko wapi. Nikamwambia tatizo ni kwamba hakunisalimu. Hakuna hujambo, hakuna habari za kazi, hakuna hata naomba. Aliandika: Hakijengeki nje ya kompyuta yako. Marekebisho haya hapa. Basi! Mtu anaingia nyumba ya mwenziwe bila hodi na kuanza kuhamisha viti! Nikayakataa. Akayatuma tena mwezi wa nne. Nikayakataa, nikamwekea kiungo cha makala kuhusu adabu.

Mke wangu akasema watoto wa Shangazi watanyoosha mikono ukumbini kwa sababu mimi sikuamkiwa. Akaenda kuanua nguo.

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Yalinikaa vibaya karibu saa nzima. Ndipo nikapata wazo jingine, zuri kuliko yote, lisilomhitaji Kobe hata kidogo.

Kidole kinafanya kazi kwenye kompyuta yangu. Basi nitaipeleka kompyuta yangu!

Ijumaa, 7 Juni

Nimeandika tarehe mara mbili, ya kwanza niliikosea.

Nilifika mapema, nikaifunga kompyuta yangu kwa mkanda chini ya meza ya karani. Nikatandika kitambaa cha meza kinachofika sakafuni. Waya wa printa nikaupitisha nyuma ya droo. Juu ya meza kompyuta ya karani inaonekana inafanya kazi; chini ya meza, kwa siri, inafanya yangu. Mtihani wenyewe sikuugusa, nilitumia maswali ya mfano niliyotunga mwenyewe. Niliwaza kwamba wakishaamini, usiku uleule nitatafuta namna. Namna gani, sikuwa nimefika huko.

Wakaja wote. Mwalimu Mkuu, Bwana Leseni akiwa amekunja mikono, karani, na Shangazi akiwa amevaa gauni lake la sherehe. Hilo gauni ndilo lililoanza kunitia kijasho. Nikabonyeza kitufe juu kwa mbwembwe, na kwa goti nikabonyeza kingine chini. Printa ikaamka. Ikagonga karatasi kwa kelele tamu kabisa! Karani akapiga makofi. Mwalimu Mkuu akapiga makofi. Bwana Leseni akakunjua mkono mmoja.

Shangazi akaomba kimya.

Akasikiliza. Akasogea hatua moja, akainama, akaingiza mkono chini ya kitambaa na kuuweka juu ya kompyuta yangu. Ilikuwa ya moto, feni yake inavuma kwa nguvu. Akauliza, kwa upole kabisa, hii inayohema huku chini ni ya nani.

Bwana Leseni akafunua kitambaa. Sitaandika alivyocheka.

Shangazi akanishika mkono akanitoa nje, kwenye baraza. Nilidhani atanifokea. Kama angenifokea ningepona. Alisema yeye kudanganywa amezoea, watu humdanganya kila siku wakidhani asiyeona hasikii. Kilichomuuma ni kwamba asubuhi alikwisha kuwaambia watoto. Waliimba. Alisema hajui atawatazama kwa uso gani, kisha akajicheka mwenyewe kwa neno hilo, halafu akaacha kucheka. Akasema Mwalimu Mkuu ameacha muda uleule, kesho adhuhuri. Akaniuliza swali moja: ipo njia au haipo, mwanangu? Nikasema ipo, Shangazi, ila itanibidi nimwombe mtu. Akasema basi niombe.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikamwandikia Kobe. Nilianza kwa shikamoo, maana sijui umri wake. Nikamuuliza hali yake, ya nyumbani kwake, ya kazi, ya afya, ya mvua. Nikamweleza habari za watoto na mtihani. Nikaandika neno samahani, nikalifuta, nikaliandika tena. Mke wangu akasimama nyuma yangu mpaka nikabonyeza tuma.

Jibu likaja kabla chai haijapoa. Aliandika: Bado yapo. Bonyeza kubali.

Hakusalimu! Nikabonyeza.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika shuleni bila mbwembwe, na fulana ya kawaida. Nikaenda kwa karani. Nikapakua Kidole upya kutoka mtandaoni, kama mgeni asiyenijua. Nikapiga amri. Nikafumba macho.

Karani akasema mbona hakuna mwekundu.

Nikafumbua. Mistari myeupe, inateremka taratibu, ya mwisho inasema imekamilika. Nikapiga amri tena nikidhani nimeota. Imekamilika. Nikachungulia chini ya meza, nikihofia labda nimesahau kompyuta yangu pale. Palikuwa patupu!

Maabara, imekamilika. Bwana Leseni alisogeza kiti, akasoma kila mstari kwa kidole, mpaka mwisho. Akasema hmm. Nimelihifadhi hilo hmm moyoni.

Kwa Mwalimu Mkuu, kompyuta ya tufaha ikadai nywila kabla ya kuruhusu chochote kusakinishwa. Mwalimu Mkuu hakuikumbuka. Alijaribu, ikakataa. Akajaribu nyingine, ikakataa. Saa ya ukutani inakwenda tu. Kisha uso ukamng'aa, akatufukuza wote chumbani, akaiandika peke yake. Alipotuita alikuwa na haya kidogo. Sijui ni jina la nani. Imekamilika!

Wakatusukumia kitoroli. Chumba hadi chumba, karatasi zikatoka. Kila mtihani ulichapwa palepale ulipoandikwa, na wenye kuutunza wakaufunga kwenye bahasha. Kabla hawajafunga, Shangazi aliruhusiwa kukagua ukurasa mmoja wa hisabati. Alikaa, akapitisha vidole. Sote tukasogea karibu. Akafika katikati, akasimama. Akarudi nyuma. Akakunja uso. Akasema hapa pana kosa.

Nilikaa chini sakafuni.

Akasema swali la kumi na nne linauliza pembe zote nne za pembetatu.

Mwalimu Mkuu akafungua faili kwa karani, akasoma. Ndivyo lilivyoandikwa na mwalimu wa hisabati mwenyewe! Kidole hakikukosea, kilinakili upuuzi wa watu kwa uaminifu! Nikacheka mpaka machozi. Karani akacheka. Shangazi akacheka huku ameziba mdomo. Hata Bwana Leseni, ambaye ndiye mwalimu wa hisabati pia, alijitahidi. Wakasahihisha, wakachapa upya, adhuhuri ikatukuta tumeketi tunakunywa soda.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala. Nimeamka, nimekula, nimelala tena. Mwili mzima umelegea kwa raha. Sikujua nimeubeba mzigo mkubwa kiasi hicho mpaka nilipoutua.

Mchana nimeandika kwenye ukurasa wa Kidole kwamba toleo jipya limepatikana kwa mchango wa Kobe. Niliandika kwa herufi ndogo, chini kabisa, baada ya maelezo ya leseni. Mke wangu akavaa miwani, akatafuta, akakosa. Nikalipandisha jina juu. Akasema bado dogo. Nikalikuza. Sasa jina lake ni kubwa kuliko langu, na nimeambiwa nisiliguse.

Jumatatu, 10 Juni

Nilikwenda tu kutazama. Kibarazani, kupitia dirishani.

Hakuna aliyekuwa anasoma kwa sauti. Hakuna mkono uliokuwa juu. Kila mtoto na karatasi yake, vidole vinatambaa, kila mmoja kwa mwendo wake. Mmoja alimaliza ukurasa, akarudi mwanzo kusoma swali tena, polepole, bila kumwomba mtu yeyote. Alirudia mara tatu. Hakuna aliyejua ila mimi.

Shangazi alikuja akasimama karibu yangu. Hakuniuliza wanaendeleaje. Alikuwa anasikiliza ule mchakacho mdogo wa vidole kwenye karatasi. Akanishika mkono, akaubana. Nililia kidogo, naandika ukweli, na sikujali Bwana Leseni akiniona. Aliniona. Akanipa kitambaa chake cha mfukoni na kusema nikifue kabla ya kurudisha.

Nimejifunza mengi wiki hii. Mtu asiahidi asichokijaribu. Mtu asione haya kuomba msaada. Nimeyaandika haya mawili kwa kalamu, na kuyapigia mstari.

Jumanne, 11 Juni

Siku njema kupita kiasi! Afisa wa elimu wa eneo zima amefika shuleni kushukuru. Shangazi akanitambulisha kwa jina langu kamili. Afisa akasema shule nyingine nyingi zinahitaji kitu kama hiki, ila nyingi hazina kompyuta, walimu wake wana simu tu. Akaniuliza kama Kidole kinafanya kazi pia kwenye simu.

Shangazi alinibana mkono, mara hii kwa kucha. Alikuwa amechelewa kidogo.

Nimemwambia kinafanya, simu zote. Maonyesho ni Ijumaa, mbele ya wakuu wa shule wote, na mke wangu bado sijamwambia. Sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu ya simu, lakini nimeuliza dukani na wanazo meza zenye droo pana.